Mlango Nisiouchora

Kisauni, Jumatano, Mei 1993.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na haina nia ya kuacha. Ua umejaa maji, kuku wa jirani wamejibanza kwenye kibaraza chetu bila hata hodi. Kichwa kizito. Sijalala usingizi wa maana tangu arobaini ya Swaleh, na hiyo ilipita wiki iliyopita.

Niliamka na azma moja tu leo: kuifuta ile kaseti.

Sikuifuta. Ngoja niandike ilivyokuwa, maana nikikaa nayo kifuani hadi kesho nitapasuka.

Swaleh ni kakangu. Bado naandika "ni", na sitasahihisha. Alikuwa fundi wa televisheni, ana kibanda Changamwe, lakini mkate wake hasa ulitoka juu ya mapaa, kufunga antena za watu. Mwaka juzi alinunua kompyuta kuukuu kwa baharia mmoja bandarini. Kitu cha plastiki chenye vitufe, hakina hata skrini yake. Unakichomeka kwenye televisheni, na programu zake zinakaa kwenye kaseti za kawaida, hizi hizi za taarabu. Miezi sita alikuwa nayo chumbani, chakula anapelekewa. Mama alidhani amepata mchumba anamficha. Tungejua!

Kisha akatoka na habari kwamba anatunga mchezo. Aliuita Fundi wa Paa. Mtu anaruka paa hadi paa akifunga antena, na kunguru wanamparamia wamwangushe. Akianguka mara tatu, basi.

"Maimuna," akaniambia, "mie najua kumfanya aruke. Kumfanya apendeze sijui. Wewe una mkono."

Mkono wangu ni wa kofia. Nadarizi kofia za wanaume tangu nina miaka kumi na moja, Mama alinifundisha, naye alifundishwa na mamake. Nikamwambia mimi sijui mambo ya kompyuta. Akacheka, akasema kofia ni kompyuta ya kitambaa, sema haili umeme. Nikamwambia aende zake. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshaharibu daftari zima.

Alikuwa na masharti kuliko mkwe. Mchoro mmoja usizidi miraba kumi na sita kwenda na kumi na sita kushuka. Rangi nne kwa skrini nzima, na nyeusi inahesabika. Kitu chochote cha kumwambia mchezaji ana nini na kimebaki nini kikae pembeni, lakini kisiguse ukingo, kwa sababu televisheni zinakula pembe. Hilo alilijua kwa mikono yake. Alishafungua nusu ya televisheni za Changamwe na Mikindani. Na sharti alilolipenda kuliko yote: mchezaji asisome, aone. "Mtu anafukuzwa na kunguru," alisema, "utampa barua asome?"

Basi tukapata mwendo wetu. Kwanza nachora kwa penseli kwenye karatasi ya kaki, vile ninavyotaka, kwa uhuru. Kisha nahamishia kwenye daftari la hesabu lenye miraba, na hapo ndipo uhuru unapokwisha, kwa kuwa mkunjo wa waya unakuwa ngazi na duara linakuwa sanduku. Napaka rangi. Kisha namsomea mstari kwa mstari, rangi zikiwa namba, sufuri sufuri moja moja tatu, naye anabonyeza. Tukimaliza narudi nyuma mpaka mlangoni, nakunja macho, natazama. Ukikaa karibu kila kitu ni kizuri. Ukweli uko mlangoni.

Taa yangu ya kwanza, kutoka mlangoni, ilikuwa papai. Bunda la waya lilikuwa kinyesi cha mbuzi, naomba radhi. Swaleh alicheka hadi akashuka kitini. Nilikasirika nikakaa siku mbili sitaki kumwona, na ni katika hizo siku mbili, nikiwa na kofia mkononi, nilipogundua kosa. Kwenye kofia ua halionekani kwa uzi, laonekana kwa vile vitundu unavyoviacha. Mimi nilikuwa nachora kitu. Nilipaswa kuchora kilicho pembeni yake na kukiachia kitu nafasi. Nikaichora taa upya kwa kupaka giza lake. Kutoka mlangoni ikawaka.

Sijawahi kujivunia kofia yoyote namna ile.

Sasa sehemu ambayo sijamwambia mtu.

Mama hataki sura nyumbani mwetu. Maua sawa, nyota sawa, lakini chenye roho hachori mtu ndani ya nyumba hii, na hakuna picha ukutani. Nilipoanza kazi na Swaleh alinishika mkono akaniuliza nachora nini. Nikamwambia waya, taa, funguo. Akaniambia niapie. Nikaapa, na siku hiyo ulikuwa ni ukweli; fundi na kunguru Swaleh alishawachora mwenyewe.

Kisha Swaleh akataka mchezaji ajue hali yake bila namba. Akasema weka uso pembeni. Uso ukiwa mzima, mambo mazima. Nilikataa. Nikakataa tena. Halafu nikamchora yeye, kwa kuwa ndiye mtu ninayemjua uso wake bila kumtazama. Nyuso nne. Wa kwanza anacheka. Wa pili jasho. Wa tatu ameumia, jicho moja limevimba. Wa nne macho yamefungwa.

Kwa huo wa nne alijilaza mkekani pale sebuleni, Mama akiwa kwa jirani, akafumba macho ili nione kope zinavyokaa. Lakini hakuweza kutulia, midomo inamcheza. Nikampiga rula miguuni. Nikamwambia, "Tulia wewe, maiti gani anacheka?"

Nilisema hivyo. Mimi, kwa kinywa changu.

Nyuso zilipoingia kwenye televisheni nikaona jambo. Swaleh ana kovu kwenye nyusi ya kulia, alianguka kisimani akiwa mdogo. Kwenye skrini kovu lilikuwa upande mwingine. Nikatafuta kosa hadi nikalipata: mimi nahesabu miraba kuanzia kulia. Ndivyo nilivyozoea, chuoni, kwenye Kurani, nilishika kalamu ya kuandika kutoka kulia kabla sijaiona shule, na hata kofia naianza upande huo. Yeye alikuwa anabonyeza kuanzia kushoto. Miezi yote ile hatukujua, kwa sababu taa, funguo na antena hata zikigeuka ni zile zile. Uso wa mtu si sawa pande zote.

Nikataka kufuta nianze tena. Swaleh akanizuia. Akaikazia macho televisheni, akasema, "Usiuguse. Mie kila siku kiooni najiona hivi. Huyu ndiye mie ninayemjua."

Tukamwacha.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Ukurasa wa kufungulia tulishamaliza, wa kushinda tulishamaliza, wa kushindwa pia. Ule wa kushindwa una uso wa nne katikati, na chini yake neno TENA?, na chini yake kitufe kimoja nilichokipamba kwa maua ya kofia, NDIYO. Kingine sikukichora. Swaleh alitaka mlango, alama ndogo pale pembeni ambayo mtu akiichagua mchezo unamuuliza kama anataka kutoka, naye anajibu. Kwa vile haikuwepo, ukianza mchezo hutoki. Ama uanguke, ama uchomoe waya ukutani. Swaleh alikuwa anachomoa waya.

Aliniomba huo mlango mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na kofia za harusi, watu wa Mkomani wananisimamia kichwani, nikamjibu kwa ukali: wiki ijayo. Akasema haya, wiki ijayo.

Alhamisi akaanguka Port Reitz. Paa lilikuwa limelowa.

Nilimwona mara moja kabla hajafunikwa. Macho yamefungwa, kope zimekaa kama nilivyozichora. Na kovu lilikuwa kulia, mahali pake. Mungu anisamehe, wazo la kwanza lililonijia, kabla ya machozi, kabla ya kumwombea, lilikuwa: niligeuza.

Tangu siku hiyo sifai. Kila kofia ninayoianza, vitundu vinakaa viwili viwili na kunitazama. Nimefumua mbili. Jana nilijikuta nahesabu vigae vya sakafu kwa jirani, kumi na sita kwenda, kumi na sita kushuka, yeye anazungumza mimi siko. Televisheni nimeigeuzia ukutani, lakini najua kuna mtu ndani ya kaseti amelala, na ni mimi niliyemlaza kabla ya siku yake. Watu wanasema ajali. Mimi najua nilichora nini, tena mwezi gani.

Ndiyo maana leo nikataka kuifuta. Kazi yenyewe si kazi: unaiweka kwenye redio kaseti, unabonyeza vitufe viwili pamoja, inajirekodi kimya mpaka mwisho. Nilikuwa chumbani kwa Swaleh, nimeshaiweka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Maimuna."

"Abee, Mama."

Alikuwa mlangoni, tasbihi mkononi. Aliitazama kaseti, kisha akanitazama mimi. Nikawa mtoto wa miaka saba aliyekamatwa na sukari.

"Ndimo alimo?" akauliza.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Swaleh aliniambia kitambo," akasema. "Alisema, Mama, Maimuna amenichora, usimgombe, mie ndiye nilomtaka."

Miezi yote hiyo alijua, na hakunitamkia neno. Nikaanza kuomba radhi, maneno yananigongana. Akanyanyua mkono ninyamaze. Akakaa kitandani pa Swaleh, taratibu, akashika magoti yake.

"Kipande chake cha kitambulisho wamekichukua kule ofisini, walipotupatia cheti cha kifo," akasema. "Ilikuwa picha moya tu ile. Sina nyengine. Asubuhi hii nimeamka nataka kumuona, nikaona mato yake, mdomo siuoni." Akasukuma punje moja ya tasbihi. "Sikutaka uchore. Lakini umeshachora. N'onyeshe."

Nifanyeje? Ningemwambia hapana?

Nikaigeuza televisheni, nikaunganisha waya kama nilivyomwona Swaleh akifanya, nikaiacha kaseti iende. Kusoma kunachukua dakika kadhaa na mashine hupiga ukelele mkali muda wote. Mama akajikunja.

"Ni kilio gani hicho?"

"Mashine yasoma, Mama. Si yeye."

Kisha akatokea. Pembeni juu, mbali na ukingo, uso wa kwanza, anacheka.

Mama alisogea hadi goti lake likagusa meza. Sikumtazama, kwa sababu kunguru walikuwa wameshaanza kuja na mimi mchezo siuwezi, sikuwahi kuuweza. Mchezaji alikuwa Swaleh. Mimi kazi yangu ilikuwa kurudi mlangoni na kukunja macho. Niliruka paa la kwanza, la pili, la tatu nikachelewa. Fundi akaanguka. Uso ukabadilika.

"Mbona yuwatoka jasho?"

"Ameanguka mara moja, Mama. Amechoka tu."

"Basi mpumzishe."

Siwezi kumpumzisha. Hakuna pa kupumzika katika mchezo ule. Ukisimama kunguru wanakuja. Nikaendelea kubonyeza. Mama akanyoosha kidole karibu na kioo, hakukigusa.

"Kovu liko upande sio."

Nikamweleza, vidole vikiwa kazini. Kulia, kushoto, chuoni, kofia. Nikamwambia na alivyosema Swaleh, kwamba huyu ndiye yule aliyekuwa akijiona kiooni. Mama akagusa nyusi yake mwenyewe ya kulia.

"Kumbe huyu mie sikupata kumuona," akasema. "Wangu ni wa upande huu."

Hapo nikaanguka mara ya pili. Sikuona paa, machozi yalikuwa yamejaa. Uso wa tatu ukaja, jicho limevimba, na nikasikia pumzi ya Mama ikikatika.

Imebaki moja.

Sijui nilicheza muda gani baada ya hapo. Sijawahi kucheza vile na sitacheza tena. Vidole viliniuma, mgongo uliniuma, kila kunguru aliyekuja nilimchukia kwa jina. Adhana ya alasiri ikaita. Mama hakuinuka. Mama, ambaye hajawahi kuisikia adhana akabaki amekaa! Mimi naruka, naruka, na nilichokuwa nakifikiria ni kwamba akiuona wa nne, hautamtoka maisha yake yote, kama usivyonitoka mimi. Na kuchomoa waya nisingeweza hata kama ningetaka, na kumwambia Mama amchomoe mwanawe ukutani sikuthubutu. Nikiachia vitufe kwa pumzi tatu, ameshaanguka.

Nikasema ukweli. "Mama, sijui kumtoa. Hakuna mahali pa kutokea. Swaleh aliniomba nimchoree mlango, sikumchorea."

Nilidhani atalia. Aliinuka. Akavua leso yake mabegani, akaikunjua, akaifunika televisheni yote kutoka juu, akaivuta pembe zake zikae sawa, na mikono yake ilifanya hivyo pole pole, kwa adabu. Nishawaona wanawake wakifunika hivyo. Kila mtu ameshawaona.

"Haya," akasema. "Sasa mwachie."

Nikaondoa vidole.

Ilichukua muda mfupi sana. Chini ya leso ukasikika ule mlio wa kushuka, toni sita au saba, kisha kimya. Mama alisema maneno yanayosemwa mtu akifariki. Nami nikayasema. Siku ya Port Reitz yalinitoka tu mdomoni pamoja na ya watu wengine. Leo niliyasikia.

Kisha mashine ikaanza kulia tena, toni mbili, inangoja, toni mbili.

"Yaita nini tena?" Mama akauliza.

"Yauliza kama twataka kurudia."

"Na hapana i wapi?"

"Hapana sikuichora, Mama."

Akaniangalia. Sijui aliona nini. Akainama ukutani, mkono mmoja kiunoni kwa maumivu yake ya mgongo, akaushika waya. Nikamwambia nitachomoa mimi. Akatikisa kichwa.

"Mie ndiye nilomzaa," akasema, akauvuta.

Alikwenda kuswali. Niliketi pale nikisikiliza mvua, leso bado juu ya televisheni, sikuthubutu kuitoa. Aliporudi aliitoa mwenyewe, akaikunja, akajitanda. Kioo kilikuwa cheusi, kinatuonyesha sisi wawili.

"Usimfute," akaniambia. "Na usinionyeshe tena."

Hakunilaumu, wala kwa kiapo nilichokivunja, wala kwa mlango. Afadhali angenigombeza, ningejua pa kuweka uso.

Kwa hiyo kaseti ninayo. Nilitaka kuufikia mwisho wa leo nikiwa sina kitu cha kulinda, na sasa ninacho, tena kwa amri. Naogopa. Naandika wazi kwamba naogopa. Lakini nimelifungua daftari lake la programu, lile lenye mistari na namba na maandishi yake ya kubana, na kati ya mistari mia sijaelewa hata miwili. Mmoja nadhani nimeuelewa: ndio unaohesabu maanguko.

Nitajifunza uliobaki, hata ukinichukua mwaka. Sitaugusa uso. Sitaligusa kovu, wala macho ya wa nne. Nataka kuongeza kitu kimoja tu, kidogo, pale pembeni: mahali ambapo mtu anaweza kusema imetosha, akaondoka, na Swaleh bado anacheka.